Lugha za Oaxaca (4): Wachocho na Kitambaa Kilichoko Berlin

Siku ya Lugha ya Mama, inayoadhimishwa kila tarehe 21 Februari, imenirudisha kwa watu ambao historia yao nimeipenda miaka mingi: Wachocho wa kaskazini mwa Oaxaca, Mexico, ambao wenyewe lugha yao huiita Ngiwa. Leo twende Coixtlahuaca, katika nchi yao.

Huo sasa ni mji mdogo wenye kanisa kubwa la Wadominiko. Zamani ulikuwa na soko lililovuta wachuuzi kutoka mbali. Mnamo mwaka 1458 hivi, wafanyabiashara wa Mexica (Waazteki) waliuawa huko, na mfalme wao Moctezuma wa Kwanza akapata kisa cha vita. Mtawala wa Coixtlahuaca, Atonal, aliuawa, na nchi ikaanza kulipa ushuru wa vumbi la dhahabu, manyoya ya kijani ya ndege aina ya quetzal, na mifuko ya rangi nyekundu itokanayo na vijidudu vya kwenye mpungate. Hakuna mfalme anayemtoza fukara ushuru wa namna hiyo.

Wahispania walipofika, mabwana wa Coixtlahuaca waliendelea kuichora historia yao kwenye vitambaa vya pamba. Kimojawapo ni kikubwa cha ajabu, karibu mita nne kwa nne. Kitazame kwa karibu: mume na mke wa kitawala wameketi wakielekeana, jozi juu ya jozi, kizazi baada ya kizazi, nyayo zimechorwa kuonyesha safari za wahenga, na kuna mlima wenye nyoka wawili waliosokotana. Mwishoni mwa karne ya 19 msomi Eduard Seler alikipeleka Ujerumani, na mpaka leo kimo katika makumbusho ya Berlin, kikikingwa dhidi ya mwanga na vumbi.

Lugha ya waliokichora haikupata ulinzi huo. Katika karne ya 20 watoto waliadhibiwa shuleni kwa kuisema, wazazi wakaona heri wasiwafundishe kabisa. Huo ulikuwa uonevu, tena uliofanywa kwa jina la elimu. Wasemaji waliobaki ni mamia tu, wengi wao wazee, hasa Santa María Nativitas. Sheria ya Mexico ya mwaka 2003 inaitambua Ngiwa kuwa lugha ya taifa kama Kispania. Basi mzee anayeifundisha naye alipwe kama mwalimu wa Kispania.

Juma lijalo: jirani zao Waixcateco.