Keki ya Karoti Isiyo na Sukari: Ili Mgonjwa wa Kisukari Naye Aketi Mezani

Ndugu msomaji, huenda jambo hili umekwisha kulishuhudia nyumbani mwako. Ni alasiri ya Jumapili, jamaa wamekusanyika, chai imeandaliwa, na sahani ya keki inapitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Inapomfikia Bibi, ambaye mwaka jana aliambiwa kuwa ana kisukari, mtu anaisogeza upesi mbele yake na kusema kwa upole, "Bibi, hii haikufai." Bibi anatabasamu. Wajukuu wanaendelea kula. Punde si punde Bibi anainuka, anakwenda kuketi peke yake barazani, naye analitazama ziwa kana kwamba anamngojea mtu atokaye Ukerewe.

Hakuna aliyemvunjia Bibi heshima, wala hakuna aliyekwenda kinyume cha ushauri wa daktari. Hata hivyo kuna jambo limeharibika pale mezani. Kwa desturi zetu, chakula ni namna ya kumwambia mtu kuwa yu wetu. Mtu anayetengwa na sinia kila siku hatimaye hujiona ametengwa na nyumba, na wengi wa hao huishia kula kwa siri usiku kile walichonyimwa mchana mbele ya watu. Hapo ndipo ugonjwa unapopata nguvu.

Makala haya yanakuletea keki ambayo haina sukari wala unga wa ngano, inayookwa kwa jiko la mkaa, na ambayo vitu vyake vyote hupatikana katika masoko ya Mwanza. Si dawa, wala isidhaniwe kuwa dawa. Ni chakula ambacho nyumba nzima yaweza kukila kwa pamoja kutoka sinia moja, pasipo mtu kuambiwa asogee pembeni.

UGONJWA ULIOINGIA MJINI

Zamani kisukari kilikuwa kigeni kwa wengi wetu. Mwaka 1989 mtaalamu Donald McLarty na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi walioufanya katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, wa mjini na wa shamba, ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila mia. Ni kweli kwamba rika na mahali palipopimwa havikuwa sawa, na kwa hiyo hesabu hizi mbili haziwezi kulinganishwa kama kilo na kilo. Lakini mwelekeo wake haufichiki: maisha yamebadilika, na miili yetu imebadilika pamoja nayo.

Mfanyakazi wa mjini hatembei tena kama baba yake aliyelima pamba kutwa. Hupanda daladala kutoka Buzuruga hadi katikati ya mji, huketi au husimama mahali pamoja mpaka jioni, kisha hurudi nyumbani kwa daladala. Asubuhi amekunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na maandazi mawili, mchana amekula ugali mkubwa na mboga kidogo, usiku wali. Kazi ya mwili imepungua, lakini chakula cha kutia nguvu hakikupungua.

SI SUKARI PEKE YAKE

Wako wanaodhani kwamba mwenye kisukari akiacha sukari ya kwenye chai, basi amemaliza. Sivyo. Wanga uliomo katika ugali, wali, mihogo, viazi na mkate huvunjwa tumboni na kuwa sukari ya aina ya glukosi, ambayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango wa kuingia katika chembe za mwili. Kwa mwenye kisukari, ama insulini haitoshi, ama mwili hauisikii tena sawasawa, na sukari hubaki katika damu ikiharibu pole pole macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu.

Kwa sababu hiyo, keki ya kawaida humdhuru mgonjwa mara mbili. Chukua keki iliyopikwa kwa vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha sukari, ikakatwa vipande kumi na viwili. Kila kipande kitakuwa na takriban gramu 30 za wanga na sukari. Ukiondoa sukari peke yake na kuacha unga wote, umepunguza nusu tu ya tatizo. Yafaa kuondoa vyote viwili. Na asikudanganye mtu kwamba asali au sukari guru havihesabiwi kwa kuwa ni vya asili. Vikifika katika damu, hivyo navyo ni sukari.

Swali ni hili: ukiondoa ngano na sukari, ni kitu gani kitakachoifanya keki iwe keki?

KAROTI NA KARANGA

Jibu la kwanza ni karoti. Waingereza walilijua jambo hili wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sukari ilianza kutolewa kwa mgawo nchini mwao Januari 1940, na mgawo huo haukuondolewa mpaka mwaka 1953. Katika shida hiyo, Wizara yao ya Chakula iliwahimiza akina mama watumie karoti kutia utamu katika keki na vyakula vingine vitamu. Wasomaji wetu wenye umri wanaokumbuka mapema miaka ya 1980, sukari ilipokuwa adimu hapa nchini, hawahitaji kuelezwa kwamba dhiki humfunza mpishi. Karoti ina utamu wake wenyewe, tena ina maji yanayoizuia keki isikauke. Hupenda mahali penye baridi, na ndiyo maana hulimwa zaidi Lushoto, Arusha na Mbeya, lakini katika masoko ya Mwanza haikosekani.

Jibu la pili ni karanga. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanapooka keki ya namna hii hutumia unga wa lozi, ambao kwetu ni ghali na haupatikani kwa urahisi. Lakini Usukuma ni nchi ya karanga. Nani aliyekulia huku asiyejua michembe iliyopikwa kwa karanga? Katika gramu 100 za karanga, wanga ni kiasi cha gramu 16 tu, na nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki kuwa sukari. Unga wa ngano wa uzito huo huo una zaidi ya gramu 70 za wanga. Tofauti hiyo ndiyo siri yote ya keki yetu.

MAHITAJI

Karanga zilizotwangwa, vikombe 2 (kiasi cha gramu 240).
Karoti zilizokwaruzwa, kikombe 1 kilichojaa (karoti mbili za kadiri).
Mayai 4.
Samli au siagi iliyoyeyushwa, vijiko vikubwa 3.
Maziwa mgando yasiyotiwa sukari, vijiko vikubwa 4.
Beking pauda, kijiko kidogo kimoja na nusu.
Mdalasini wa unga, kijiko kidogo 1.
Tangawizi kavu, nusu kijiko kidogo.
Iliki na kungumanga, kidogo kidogo.
Chumvi, kiasi cha kushika kwa vidole viwili.

Viungo usivipunguze. Mdalasini, iliki na kungumanga havina sukari ya kuhesabika, lakini ulimi umezoea kuvikuta pamoja na utamu, na kwa hiyo huusaidia ulimi kuridhika na utamu mdogo wa karoti.

NAMNA YA KUTAYARISHA

Kaanga karanga kavu kavu kwa moto mdogo mpaka maganda yaanze kuachia, kisha zipoe kabisa. Zipepete uondoe maganda. Zitwange katika kinu kidogo kidogo, na usitwange kwa muda mrefu. Ukizidisha, mafuta yatatoka na utapata siagi ya karanga badala ya unga. Chekecha, na chenga zilizobaki zirudishe kinuni.

Karoti zikishakwaruzwa, zikamue kidogo kwa mkono ili kuondoa maji yaliyozidi. Piga mayai katika bakuli mpaka yatoe povu jingi. Hatua hii usiifanye kwa haraka, kwa maana ngano ina utando wake unaoshikilia keki, lakini karanga haina. Kazi hiyo inafanywa na mayai. Tia samli na maziwa mgando, koroga. Katika bakuli lingine changanya unga wa karanga, beking pauda, viungo na chumvi, kisha mimina humo mchanganyiko wa mayai. Mwisho tia karoti, ukigeuza kwa mwiko taratibu.

Paka samli katika chombo cha bati chenye upana wa sentimita 20 hivi, utandike karatasi chini, umimine mchanganyiko wako na kuusawazisha.

Kama huna tanuri la umeme, usivunjike moyo. Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu na safi kiasi cha vidole viwili, funika na uipashe moto kwa robo saa. Weka chombo chako juu ya mchanga huo, rudisha mfuniko, na utie makaa ya moto juu ya mfuniko. Makaa ya chini yawe machache kuliko ya juu, kwa sababu karanga huungua upesi. Baada ya dakika 35 chomeka njiti katikati. Ikitoka kavu, keki imeiva. Ikitoka na unyevu, ongeza dakika tano tano. Kwa mwenye tanuri, nyuzi joto 170 kwa nusu saa hivi zatosha.

Sasa subira. Iache ipoe kabisa kabla ya kuikata, maana ikikatwa ingali moto itabomoka. Ikate vipande virefu kumi na viwili. Ukipenda kuipamba, chuja maziwa mgando katika kitambaa safi usiku kucha mahali penye ubaridi, utapata kitu kizito kama malai; tia ganda la limau lililokwaruzwa kidogo na upake juu. Keki hii ina unyevu, kwa hiyo katika joto la kwetu iliwe ndani ya siku moja au mbili, au iwekwe katika jokofu.

Kila kipande, kabla ya kupambwa, kina takriban gramu 4 hadi 5 za wanga, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Linganisha na zile gramu 30 za keki ya kawaida.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe. Sumukuvu haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kukaangwa. Chagua karanga moja moja, kama bibi zetu walivyochagua mbegu.

Pili, uliza kabla ya kumkaribisha mgeni. Wako watu ambao karanga huwadhuru vibaya, hata kuwafunga pumzi.

Tatu, kipande hiki kina mafuta mengi na kinashibisha. Kimoja au viwili vyatosha. Keki kutokuwa na sukari si ruhusa ya kumaliza sinia.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, mgonjwa anayetumia insulini au vidonge asiondoe wanga katika chakula chake ghafla bila kuzungumza na daktari wake, awe anatibiwa katika Hospitali ya Bugando au katika zahanati ya mtaani. Dawa hupimwa kulingana na chakula. Chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari ya damu yaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Wakati huo keki yetu haimfai kabisa. Anahitaji sukari yenyewe, vijiko vidogo vitatu au vinne katika maji, papo hapo, iwapo ana fahamu na anaweza kumeza. Akiwa amepoteza fahamu, asipewe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa anayetumia dawa za namna hii haiachi kuwa na sukari. Huiweka mahali inapojulikana, kama dawa.

SINIA MOJA

Ndugu msomaji, utaona kwamba hatukukuagiza umpikie mgonjwa keki yake ya pembeni. Kufanya hivyo ni kumtenga kwa njia nyingine. Mpikie kila mtu keki hii. Watoto nao watafaidika, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tunayopata kwa chakula kila siku, na ikiwezekana ipungue hata kufikia nusu ya hiyo, yaani kiasi cha vijiko vidogo sita kwa mtu mzima. Mwanzoni watoto watalalamika kwamba haina utamu wa kutosha. Baada ya majuma machache ulimi hujifunza.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba zetu za leo, chakula kinachomfaa mgonjwa ndicho kitakachowaponya na wazima. Jumapili ijayo, sinia litakapopitishwa, lianzie kwa Bibi.