Takwa Huendewa kwa Maji Kujaa

Mwenye kutaka kwenda Takwa, msomaji mpenzi, na aulize maji kwanza, nauli baadaye. Magofu hayo yamo kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, na njia yake ni mkondo mwembamba upitao kati ya mikoko. Maji yakijaa mashua hupenya hadi karibu na mji. Yakipwa, ni matope na kaa.

Nilifuatana na mpwa wangu afanyaye kazi Kampala. Tulifika Lamu magharibi. Katika nyumba ya kwanza ya wageni, kijana wa mlangoni aliitazama kanzu yangu, akaniuliza, "Mzee, wageni wako wangapi?" Nikamwambia, wawili. Akachungulia nyuma yangu awatafute. Alipofahamu kuwa wageni ndio sisi, mara hapakuwa na chumba. Mpwa wangu alitaka kugomba, nikamvuta mkono. Ajabu ni kwamba fedha zetu ni zile zile!

Tukapata malazi Shela, kwa bibi mmoja mwenye nyumba ya mawe. Alitutandikia vitanda vya kamba juu darini penye upepo, na asubuhi akatuletea mahamri na mbaazi. Bei yake ilikuwa ya kuzungumzika.

"Ami, tusikawie huko," nahodha alituonya, "au tutalala na mbu."

Takwa ulistawi yapata kati ya 1500 na 1700. Ndani ya ukuta wake nyumba karibu zote zimefungua milango kaskazini, upande wa kibla. Msikiti mkuu una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, na pale nilikaa kitambo kirefu. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani 1682-83. Mpwa wangu, pamoja na shahada zake, hakuweza kuyasoma.

"Mjomba, yasemaje?"

Nikamsomea mwaka. Nikamweleza pia masimulizi kwamba watu wa Takwa walihamia Shela, na kwamba watu wa Shela wamekuwa wakivuka kuja kuomba mvua kaburini hapo.

Akanyamaza, kisha akasema, "Basi yule bibi aliyetulaza huenda kwao ni hapa."

"Huenda."

Nahodha akapiga mbinja. Nikamwomba dakika tano zaidi. Hakunijibu, alinionyesha kwa upondo mizizi ya mikoko, ilikuwa imekwisha kuwa wazi.