Komanda: programu ya zamani ikibisha mlango uliofungwa, jina la mgonjwa linapotelea njiani

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya anafungua rejista na kuanza kuhesabu: watoto wangapi waliugua malaria, wamama wangapi walizaa, chanjo ngapi zilitolewa. Hesabu inaandikwa kwenye fomu, fomu inapelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, ile watu wanaita BCZ, na pale mtu anaiingiza kwenye kompyuta. Bunia wanaiona, Kinshasa wanaiona. Dawa na chanjo zinapangwa kwa kuangalia hesabu hizo.

Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Kuna sehemu moja tu ambayo raia haioni: programu moja kuongea na ingine. Na ndiyo sehemu inayobadilishwa mara kwa mara bila kelele.

Mbele, Kongo ilitumia programu iliyoitwa GESIS, iliyokaa ndani ya kompyuta ya ofisi. Kuanzia 2014 nchi ilianza kuhamia, hatua kwa hatua, kwenye DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini. Uganda, Rwanda, Kenya na Tanzania wanaitumia pia. Hii haikai kwenye kompyuta ya ofisi moja. Iko kwenye seva, na zoni za afya 519 za nchi, 36 kati yao za Ituri, zinaingia humo kwa intaneti.

Lakini DHIS2 haiko peke yake. Kunaweza kuwa na programu ya maabara, ya stoki ya dawa, ama ile ndogo ambayo mradi fulani uliandikisha kwa kazi yake. Ili hizo zitume habari kwenye DHIS2, zinapita kwenye mlango maalum, kwa lugha iliyopangwa. Hazitumi jina la kituo, kwa sababu vituo vyenye jina moja ni vingi. Kila kituo, kila ugonjwa na kila fomu ina alama yake ya herufi na tarakimu 11. Alama moja ikikosewa, mashini haiulizi "ulitaka kusema nini?" kama vile mtu angeuliza.

Ripoti ya mwezi, ile ya hesabu za jumla, ina mlango wake na mlango huo unaendelea kufanya kazi. Ukituma, unarudishiwa jibu lenye hesabu nne: ngapi zimeingia, ngapi zimerekebishwa, ngapi zimeachwa, ngapi zimefutwa. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuangalia. Programu iliyoandikwa haraka inaona tu kwamba seva imejibu, inawasha rangi ya kijani, na zile zilizoachwa hakuna mtu anayezifuata.

Mabadiliko makubwa yamegusa sehemu ingine, ile inayofuata mgonjwa mmoja mmoja. Chukua mtu wa Komanda anayetibiwa kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ni miezi 6. Mwezi wa tatu vita inamkimbiza, anaelekea Bunia ao Mambasa. Kama habari zake ziliingia vizuri, na muuguzi wa kule ana ruhusa ya kuziona, anajua dawa gani alikunywa na wapi aliishia. Kama hazikuingia, wanaanza kumuuliza yeye mwenyewe, mtu aliyelala porini siku mbili.

Kwa wagonjwa kama huyu, DHIS2 ilikuwa na milango mitatu: mmoja wa mtu mwenyewe, mmoja wa kuandikishwa kwenye matibabu, mmoja wa kila ziara. Toleo la 2.36, lililotoka 2021, lilileta mlango mmoja mpya unaopokea vyote pamoja. Ile mitatu iliachwa wazi kwa muda ili watu wahame polepole. Kwenye toleo la 42, la 2025, iliondolewa kabisa. Kila nchi inachagua yenyewe siku ya kupanda toleo jipya, lakini siku hiyo ikifika, programu inayobisha mlango wa zamani inajibiwa kwamba hakuna kitu hapo.

Mtu anaweza kufikiri inatosha kubadilisha anwani. Haitoshi, na hapo ndipo wengi wanakwama.

Kwanza, mlango mpya, usipouambia vingine, haukungojeshi. Unajibu mara moja: nimepokea, namba ya kazi yako ni hii. Kupokea si kuandika. Programu inapaswa kurudi baadaye na namba ile, iulize kazi imeishaje. Ile ya zamani ilizoea jibu la hapo hapo, kwa hiyo inasikia "nimepokea" na kwenda kulala.

Pili, mlango mpya kwa kawaida unafanya kama barieri kali ya barabarani: mtu mmoja kwenye gari akikosa karatasi, gari lote linarudi. Ukituma wagonjwa 200 na mmoja ana tarehe mbaya, wote 200 wanakataliwa. Kuna namna ya kuuomba upokee wazuri na kuacha wabaya, lakini lazima mwandishi wa programu aandike hivyo wazi.

Si mambo ya afya peke yake. Mwaka 2008, KDE, mazingira ya kazi ya kompyuta za Linux, iliacha njia yake ya zamani ya kuongelesha programu, DCOP, na kuchukua D-Bus. Programu ambazo hazikuandikwa upya zilibaki nyuma.

Wanaojua kazi wanahamisha kwa namna moja: wanajaribu kwanza kwenye seva ya majaribio yenye toleo jipya, wanatuma wagonjwa wa uongo, wanaweka kosa makusudi waone jibu linasema nini. Kisha wanalinganisha hesabu ya seva na ya rejista, kituo kwa kituo. Ni kazi ya wiki nyingi, na mara nyingi mradi uliolipa mwandishi wa programu umekwisha kufunga ofisi. Ndiyo maana viongozi wa zoni wanaweza kuuliza swali hili mapema, siku mradi unapoleta programu yake: maandishi ya programu yanabaki kwa nani, na nani atalipwa kuibadilisha mlango ukihamishwa? Na rejista ya karatasi isitupwe kwa sababu kompyuta imefika, maana hesabu zikigombana, kwenye rejista ndiko wanarudi kuhakikisha.