Risiti ya hospitali haivuki mpaka wa Busia

Alfajiri, matenga ya nyanya na matoke kutoka vijiji vya Busitema huwa njiani kuelekea Busia. Mwenye mzigo hupita forodhani, akavuka, na jua likipanda huwa ameshapanga bidhaa zake sokoni upande wa Kenya. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 kimempunguzia foleni: mzigo hukaguliwa upande mmoja tu, badala ya miwili.

Lakini mwenye mzigo akigongwa na boda boda au akishikwa na malaria akiwa sokoni, hakuna kituo cha pamoja. Kila nchi ina utaratibu wake wa kulipia matibabu, na asiyeujua huishia kuuza mtaji.

Kwa Mkenya, utaratibu ni wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Ila kujisajili ni jambo moja na kulipa ni jingine. Aliyejisajili tu hutibiwa bure magonjwa ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba. Kulazwa, kujifungua hospitalini, upasuaji na kusafishwa figo hulipiwa na bima ya SHIF, na hiyo humhudumia aliyetoa mchango. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mfanyabiashara mdogo hupimwa uwezo wa kaya yake, na hata aliye chini kabisa hatoi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Fedha hizo hulipwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600 au zaidi.

Viwango vilivyotangazwa bima ilipoanza ni shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, 30,000 kwa upasuaji wa uzazi na 10,650 kila mara figo zinaposafishwa. Gharama ikizidi hapo, ni vyema familia iulize mapema nani atalipa tofauti, hasa katika hospitali ya binafsi.

Jambo linalowaponyoka wengi ni hili: pesa hizo huenda kwa hospitali yenye mkataba, haziendi kwa mgonjwa. Mkenya aliyelipa taslimu katika duka la dawa, au aliyelazwa Tororo na kurudi na risiti mkononi, hatarudishiwa kitu. Matibabu ya nje ya nchi hugharamiwa tu pale huduma inapokosekana Kenya, tena kwa kibali kilichoombwa kabla ya safari. Homa iliyomshika mtu akifuata mahindi Uganda haimo.

Kwa Mganda, hali ni nyingine. Serikali ilifuta ada katika hospitali za umma mwaka 2001, kwa hiyo kumwona daktari katika kituo cha serikali ni bure, isipokuwa katika wodi za kulipia. Tatizo huja dawa zinapokwisha na mgonjwa kuambiwa akanunue nje. Hapo hakuna bima ya taifa ya kumrudishia. Bunge lilipitisha mswada wa bima hiyo tarehe 31 Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini.

Mganda huyo akiugua upande wa Kenya, sheria ya SHA inamruhusu kusajiliwa akiwa mkaazi. Mgeni anayekaa chini ya miezi 12 hutakiwa awe na bima ya safari, kitu ambacho muuza nyanya wa kuja asubuhi na kurudi jioni ni nadra kuwa nacho. Ngao yake ni Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, kinachosema kuwa mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Kifungu hicho hakiulizi uraia. Lakini kuhudumiwa si kusamehewa bili.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inagusa hifadhi ya jamii kwa mfanyakazi aliyehamia nchi jirani. Anayevuka kila siku na tenga kichwani hana mwajiri wa kumkatia mchango.

Hadi serikali zikubaliane, mfuko unaoweza kurudisha pesa kwa risiti ya upande wowote ni ule wa chama cha wafanyabiashara wenyewe. Wanachama ndio waamue, tena kwa maandishi na kabla mtu hajaugua: je, watalipia dawa zilizoandikwa na daktari? Nauli ya kumkimbiza mgonjwa hospitali ya rufaa? Kulazwa kwa mtoto? Risiti ya shilingi ya Uganda itabadilishwa kwa kiwango cha siku gani? Maswali hayo ni rahisi kujibiwa wote wakiwa wazima. Mmoja akishalala wodini, kila jibu huonekana ni la kumpendelea au la kumwonea.