Kuwasha Injini Yenye Joto: Istilahi za Ndege ya Kujiundia

Kitenzi kuwasha kimetutumikia vyema tangu mashine za kwanza zilipotufikia. Twawasha taa, twawasha redio, twawasha jiko, twawasha injini, wala hapana anayelalamika. Lakini ipo kazi moja ambamo kitenzi hiki, kikiachwa peke yake, chaweza kumdhuru mtu. Kazi hiyo ni kufasiri maelezo ya kuwasha injini ya ndege ndogo ambayo imetua punde hivi na bado haijapoa.

Kwanza ndege yenyewe. Huko Marekani watu wengi hujitengenezea ndege zao wenyewe, na chama chao, EAA, kiliasisiwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin. Sheria ya huko yataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojifunza au kujiburudisha, si kiwanda. Ndege hizo huandikishwa katika kundi ambalo jina lake la Kiingereza latokana na neno majaribio, na wafasiri wamekuwa wepesi kuandika ndege ya majaribio. Hatuafiki. Msomaji atadhani ni chombo cha kiwandani kinachopimwa kabla ya kuuzwa, hali ndege hiyo huenda imekwisha ruka miaka ishirini. Twapendekeza ndege ya kujiundia, kwa kuwa kuunda ndicho kitenzi cha mafundi wetu wa majahazi. Tena jina hili lamkumbusha msomaji jambo la maana: mwundaji ndiye aliyechagua injini, akaichongea kifuniko, akapitisha mipira ya petroli alikoona panafaa. Mara nyingi hata maelezo ya kuiendesha ameyaandika yeye mwenyewe. Yakifasiriwa vibaya, hakuna kitabu cha kiwanda cha kuyasahihisha.

Sasa tuitazame injini. Tuchukue aina ya Lycoming IO-360, yenye silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, ambayo hupozwa kwa upepo na kupelekewa petroli kwa kunyunyiziwa, pasipo kabureta. Ndege inaporuka, upepo huingia mbele, hupita baina ya mapezi ya silinda na kutokea chini. Injini ikizimwa, upepo hukoma lakini joto halikomi. Hupanda juu na kujaa chini ya kifuniko. Vijibomba vya petroli vimepita juu ya silinda, penye joto hilo hasa. Petroli iliyomo huchemka na kugeuka mvuke. Rubani akirudi baada ya nusu saa na kupiga stata, kinachofika kwenye silinda ni mvuke na matone. Injini hukohoa, hunguruma kidogo, kisha hufa.

Gereji zetu zina usemi wa karibu: injini imevuta hewa. Usemi huo ni wa dizeli, na hapa wapotosha. Hewa katika dizeli imeingia kutoka nje, na fundi hulegeza nati aitoe. Mvuke tunaousema ni petroli yenyewe iliyobadilika hali. Hakuna tundu la kuziba wala nati ya kulegeza. Dawa yake ni kupoza, au kusukuma petroli mpya iliyo baridi. Kwa hiyo twapendekeza mkwamo wa mvuke.

Neno la pili ni mchanganyiko, yaani wa hewa na petroli. Tumekutana na tafsiri zinazosema mchanganyiko tajiri na mchanganyiko maskini, kana kwamba petroli ina akaunti benki. Wengine wamesema mzito na mwepesi, nasi tungekubali, ila mafuta mazito tayari ni jina la mafuta ya mitambo na meli. Afadhali kusema wazi: mchanganyiko wenye petroli nyingi, na wenye petroli haba. Ni maneno marefu, lakini rubani hatauliza maana yake.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye kuwasha. Njia iliyozoeleka kwa injini ya namna hii ikiwa na joto ni hii: wenzo wa mchanganyiko urudishwe nyuma kabisa, petroli ikatike, wenzo wa nguvu ufunguliwe kidogo, stata ipigwe, na injini inapoanza kufanya kazi, stata iachwe na wenzo wa mchanganyiko usukumwe mbele. Mfasiri aandikapo “injini ikiwaka, sukuma wenzo mbele” hajakosea sarufi. Lakini injini yenye joto ambayo rubani ameilisha petroli kupita kiasi yaweza kushika moto kwenye njia ya kuvutia hewa, na hapo pia Mswahili atasema inawaka. Agizo la moto huo ni kinyume kabisa: stata isiachwe, petroli ikatwe, ili ndimi za moto zivutwe ndani ya silinda. Neno moja, hali mbili, na mkono unapaswa kwenda pande mbili tofauti. Atakayesoma neno hilo vibaya atautilia moto petroli.

Hatusemi kuwasha kifutwe, hakuna atakayetusikiliza. Kibaki kuwa jina la kazi nzima. Lakini ndani ya maagizo, injini inayofanya kazi isemwe inanguruma, na iliyopatwa na ajali isemwe imeshika moto. Vilevile tuepuke injini moto katika vichwa vya habari, tuseme injini yenye joto.

Likibaki la kuongeza ni herufi moja. Ndege ikipanda polepole siku ya jua, joto la vichwa vya silinda huongezeka. Mwisho wake kwa injini hii ni nyuzi 260 za Selsiasi, na waundaji makini hupenda libaki chini sana ya hapo. Rubani hushusha pua kidogo apate mwendo na upepo zaidi, huku akiacha mchanganyiko uwe na petroli nyingi. Kazi hiyo ni kupoza injini. Tumeiona ikiandikwa kupooza, na mwenye kupooza ni mgonjwa asiyeweza kuinua mkono.