Je, Wajua? Dume na Jike kwenye Gunia la Kunde

Je, wajua kwamba yule fukusi unayempepeta na kunde jikoni ni wa ukoo wa mbawakawa wa majani? Zamani wataalamu walimtenga na kumpa ukoo wake; siku hizi wamemrudisha kwa ndugu zake, ingawa yeye na majani wapi na wapi. Akishakua hahitaji chakula wala maji. Alikwisha kula alipokuwa buu ndani ya punje, na akiba hiyo humtosha wiki moja au mbili za kutafuta mwenzi na kutaga.

Basi, nani dume, nani jike? Chukua kiganja cha kunde zilizobunguliwa, zimwage kwenye ungo, umtazame mdudu kwa nyuma. Mabawa yake magumu hayamfuniki mpaka mwisho; kisahani kidogo cha mkiani hubaki nje. Cha jike kina weusi kila upande na mstari mweupe katikati. Cha dume ni kahawia tu. Mgongoni pia jike ana madoa meusi yaliyokolea, na dume amepauka. Mdudu mwenyewe ana milimita 3 hivi, kwa hiyo vaa miwani.

Binamu yake mla choroko hana usumbufu huo: vipapasio vya dume ni kama kichana, vya jike vina vijino vya msumeno. Na kwenye maharage yuko mwingine ambaye jike ndiye aliyejipamba kwa madoa meupe, dume kahawia tupu. Kinyume kabisa cha tausi!

Tofauti nyingine imefichika. Uume wa fukusi wa kunde una miiba inayomjeruhi jike kwa ndani, naye humtwanga dume mateke kwa miguu ya nyuma ili amwachie.

Kwa ndugu zao wala majani, mbawakawa wa viazi wa Marekani, mwenye milia 10 myeusi, dume ana vinyweleo vyenye ncha bapa nyayoni. Humsaidia kung'ang'ania mgongo wa jike, ambao unateleza.

Na vile vitone vyeupe vilivyoganda kwenye kunde? Ni maganda ya mayai ambayo jike aliyagundisha hapo. Kitone kikishakuwa cheupe, buu amekwisha kutoboa na kuingia ndani ya punje, na ungo haumtoi.