"Moreover" Haiokoi Hoja Iliyokatika

Ukipitia insha za Kiingereza za wanafunzi wetu wa sekondari, aya nyingi huanza kwa "Firstly", kisha "Moreover", "Furthermore", hadi "In conclusion". Mwanafunzi kaambiwa viunganishi vina alama, naye kavimwaga. Lakini kiunganishi hakiundi uhusiano kati ya hoja mbili. Kinautangaza tu, na usipokuwapo kitakuumbua.

"Moreover" hudai kwamba kinachofuata kinaipa nguvu hoja iliyotangulia. Mtu akieleza jinsi simu zinavyowasaidia wanafunzi kujisomea, kisha akaandika "Moreover, phones are expensive", amekata kona bila kuwasha indiketa. Hapo palihitajika "but" au "however".

Na hiyo "however" huwaponza hata waandishi wazoefu. Kimaana inakaribiana na "but", ila kisarufi kazi zao ni mbalimbali. "But" ni kiunganishi kamili: hushika sentensi mbili zikawa moja, na mkato kabla yake unatosha. "However" hapa ni kielezi, haina nguvu hiyo. Katika uandishi rasmi, "The bus was late, however we arrived on time" ni kosa. Andika "The bus was late; however, we arrived on time", au weka nukta uanze sentensi mpya. "Therefore", "moreover" na "nevertheless" nazo zinafuata utaratibu huohuo.

Kosa jingine tunatoka nalo nyumbani. Ukisema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda", wengi hawashtuki. Kiingereza sanifu hakikubali "although" na "but" zibebe mzigo mmoja: ni "Although it rained, we went" au "It rained, but we went". Na tafadhali, "despite of" haipo. "Of" ni ya "in spite of".

Mwaka 1976 wanaisimu Halliday na Hasan walichapisha kitabu kuhusu mshikamano wa matini za Kiingereza, na humo viunganishi ni njia moja tu kati ya tano. Tazama mfano huu: "The village well dried up in August. This shortage sent the women back to the river." Hakuna kiunganishi hata kimoja, lakini "this shortage" imeibeba sentensi ya kwanza nzima na kuiingiza ndani ya ya pili. Watahini wa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, wanalijua hilo. Robo ya alama za uandishi huenda kwenye mtiririko na mshikamano wa mawazo, na viunganishi vilivyopachikwa kimashine huzishusha.

Kwa hiyo ukimaliza rasimu, futa viunganishi vyote vilivyo mwanzoni mwa sentensi, kisha isome kwa sauti. Rudisha vile tu ambavyo bila hivyo msomaji angekwama.